Uzito wa Ngelegele

1

Kila asubuhi saa moja kamili, wakati jiji la Nyambogo bado linatafuta mswaki, watu watano walikaa kwenye chumba kisicho na dirisha na kuamua watu milioni nne watabishana juu ya nini siku hiyo.

Hawakuamua watu waseme nini. Hilo Bwana Sapali, mkuu wa chumba, alipenda sana kulikumbusha, hasa wageni wanapotembelea. "Sisi hatumsemei mtu," alikuwa anasema, mkono kifuani. "Mtu ana akili zake. Sisi tunamwekea sahani mezani tu. Atakula kwa mkono, atakula kwa kijiko, shauri yake." Asichokisema ni kwamba sahani zenyewe ni saba tu, na mlango wa jikoni umefungwa kwa nje.

Sahani hizo ndizo mada saba. Ikifika saa mbili zinaingia kwenye vidani, vile vya kioo ambavyo kila mtu wa Nyambogo anavaa shingoni tangu siku anayoanza darasa la kwanza. Kidani kinakusomea mada zako saba kwa sauti tamu kama ya mchumba, halafu kinanyamaza na kusikiliza. Ukibishana na muuza chapati juu ya harusi ya Nuru Kisonge, yule mwigizaji, kidani kinahesabu. Ukimnunia mumeo kwa sababu ya timu, kinahesabu. Hesabu zote zinakusanywa na Mizani, na Mizani ndiyo inayoendesha mitambo yote ya umma: magreda, magari ya wagonjwa, mashine za kuchimba. Hakuna dereva, hakuna ofisa, hakuna njoo kesho. Jambo likizungumzwa na wengi linakuwa na uzito, na likiwa na uzito mtambo unakuja wenyewe mpaka mlangoni. Siku sheria hiyo ilipopita watu walicheza barabarani. Wengine walizimia kwa furaha, na gari la wagonjwa likawafuata, maana kuzimia kwao ndiyo ilikuwa habari ya mji.

Mmoja wa wale watano, binti aliyeitwa Sikudhani, alikuwa na miaka mitatu kwenye chumba kile. Na kwa miezi minne mfululizo alikuwa analeta sahani ileile.

"Maji ya Bondeni," akasema asubuhi hiyo.

Chedi, aliyekaa kushoto kwake, akaweka kikombe chini. "Dada Siku, hiyo mada ingekuwa mtoto, sasa hivi angekuwa anakaa mwenyewe bila mto."

"Uzito wake?" akauliza Bwana Sapali.

"Sifuri nukta mbili."

"Umeona mwenyewe. Watu hawayazungumzii."

"Hawayazungumzii kwa sababu hayamo kwenye saba, Mkuu."

"Na hayamo kwenye saba kwa sababu hawayazungumzii," akasema Bwana Sapali, kwa utulivu wa mtu aliyejenga nyumba ndani ya duara na kuhamia na familia. "Tuendelee. Leo tunazika nini?"

Siku hiyo walizika wizi wa mifuniko ya mitaro. Kuzika ilikuwa desturi ya chumba. Wahariri wa kwanza waliianza kama mzaha: mada ikitolewa kwenye saba inafanyiwa matanga, chai ya tangawizi na karanga, na mmoja anasimama mbele ya kinasa sauti cha mezani anasoma wasifu wa marehemu. Chedi ndiye aliyekuwa bingwa. Alisimama, akajifuta machozi ambayo hayakuwepo.

"Marehemu alizaliwa tarehe tatu," akasoma. "Alikua haraka, akafikia uzito wa asilimia kumi na tisa, akapendwa na wote. Ameacha mashimo arobaini na mjomba wangu mmoja aliyetumbukia. Tumezika."

"Tumezika," wakaitikia, karanga mdomoni.

Mzaha ule, baadaye, fundi mmoja wa programu aliupenda. Akaufunga kwenye Mizani. Mada iliyotolewa bila matanga inaendelea kuhesabiwa, inapungua taratibu, nusu yake kwa kila siku mbili. Lakini wasifu ukishasomwa na neno la mwisho likishatamkwa, Mizani inafuta hesabu palepale na kuziba masikio kwa siku arobaini, ili mambo ya zamani yasihangaishe mitambo. Hakuna aliyekumbuka kama fundi aliagizwa au alijituma. Alikuwa ameshafariki, na yeye matanga yake yalikuwa na watu wachache kuliko ya mifuniko.

2

Bondeni ipo chini ya kiwanda cha betri, na jina lake si la kupamba. Kila kinachomwagwa juu kinashuka kuwasalimia. Maji ya bomba yalianza kuwa na ladha ya sarafu tangu mvua za vuli, na baada ya hapo vidole vya watu vikaanza kufa ganzi, kimoja kimoja, kama taa za nyumba ambayo wenyewe wanakwenda kulala.

Sikudhani alimkuta baba yake barazani, nyuma ya cherehani. Mzee Shomvi alikuwa fundi wa kanzu. Zamani alikuwa anatunga uzi huku anakutazama wewe usoni na kukusimulia habari. Sasa alikuwa ameinama, pua inagusa sindano, na kwenye kanzu nyeupe iliyokuwa mapajani palikuwa na matone matatu mekundu.

"Baba, unatoka damu."

"Wapi?"

"Kidoleni. Umejichoma."

Mzee Shomvi akainua mkono akautazama kama mkono wa mpangaji. "Ah. Ni hii baridi."

Ilikuwa mwezi wa pili. Jua lilikuwa linakaanga mabati na mbuzi wamegoma kutoka kivulini.

Bi Kilua, jirani, aliyekaa kwenye ngazi na bakuli la mchele, akadakia. "Hata mimi jana nimevunja vikombe viwili. Vikombe vya siku hizi vinateleza sana." Akachambua punje, ikamponyoka, akaitafuta kwa macho kwa sababu vidole havikuwa na habari nayo.

"Lakini umewasikia wale watu wa Ngelegele?" Mzee Shomvi akamwambia binti yake, na sauti ikamchangamka. Kidani chake kikawaka kijani, ishara kwamba sasa anahesabiwa. "Siku ya tisa leo. Wachimbaji kumi na mmoja chini ya ardhi. Mashine imebakiza mita nane tu, mwanangu. Mita nane ni kama kutoka hapa mpaka kwa Mbwiga."

"Nimesikia, baba."

"Yule Maduhu mke wake ana mimba ya kwanza. Na yule mdogo, Kulwa, hajafikisha hata miaka ishirini, alikuwa ameingia kumshikia mwenzake zamu. Fikiria. Kumshikia mtu zamu." Akatikisa kichwa. "Mimi nikiswali nawataja wote, mmoja mmoja. Sitaki Mungu aseme hakusikia jina."

"Masikini watoto wa watu," akasema Bi Kilua, na kidani chake nacho kikawaka.

Sikudhani akamfunga baba yake kidole kwa kipande cha kitambaa. Kilikuwa kidole cha nne kufungwa wiki hiyo.

"Na maji je?" akauliza.

"Maji gani?"

"Haya mnayokunywa."

Mzee Shomvi akafikiri kwa dhati kabisa, maana hakuwa mtu wa kupuuza swali. Akamtazama Bi Kilua. Bi Kilua akainua mabega.

"Yana nini?" akauliza mzee.

Kidani kilikuwa kimezima. Sikudhani aliishika glasi iliyokuwa kando ya cherehani, akainusa, akaiweka mahali pake. Alishamwambia mara ishirini kwamba maji yale ni sumu, na kila mara mzee alikubali, akasikitika, na kesho yake likawa limemtoka, kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine barabarani wa kumrudishia mazungumzo hayo. Jambo usilobishana na mtu juu yake linakutoka kama jasho.

3

Jumatano ilikuwa zamu ya Sikudhani ya ufunguo. Kila mhariri alikuwa na siku moja kwa mwezi ya kugeuza ufunguo peke yake: kutoa mada moja, kuingiza moja, bila kura na bila kuulizwa.

Ukisikia hivyo unaweza kudhani ni ufalme. Hebu zitazame hizo saba zenyewe. Mbili za kwanza ni za serikali, hazina kitasa. Mbili zinazofuata ni za wafadhili, zina mbwa mlangoni. Ya tano ni mpira. Ya sita ilikuwa harusi ya Nuru Kisonge, na hiyo ukiigusa watu wanavua vidani, na watu wakivua vidani chumba kizima kinarudi mtaani kuuza mahindi ya kuchoma. Ikabaki ya saba. Mhariri mwenye ufunguo ana uhuru wote duniani wa kugusa ya saba.

Na kwenye ya saba walikuwa wamekaa watu kumi na mmoja wa Ngelegele.

Sikudhani alipiga hesabu mara tatu kwenye karatasi, kwa kalamu, kama anafanya mtihani wa kidato cha nne. Mashine ilikuwa imebakiza mita tano. Ilikuwa inakwenda mita tatu kwa siku. Kwa hiyo siku mbili, na bado kuna muda wa kupumzika. Uzito wa Ngelegele ulikuwa asilimia ishirini na mbili. Mtambo unabaki mahali pake mpaka uzito ushuke chini ya kumi. Akiitoa leo bila matanga, baada ya siku mbili itakuwa na kumi na moja. Wachimbaji watakuwa wametoka, wanapiga picha. Na Bondeni itakuwa na siku mbili za kuzungumzwa.

Hesabu ilikubali. Alikuwa anajua wasichana wengi waliowahi kuharibiwa na hesabu iliyokubali, lakini hiyo ilikuwa hesabu ya aina nyingine.

Hakumwambia mtu. Angesemaje? Kwamba anawatoa kwenye saba watu walio chini ya ardhi ili aingize bomba la mtaa wa kwao? Akageuza ufunguo saa mbili kasoro dakika kumi, akaona ubaoni neno Ngelegele linafifia na maneno Maji ya Bondeni yanapanda. Akatoka mbio kwenda maliwatoni.

Alitapika chai. Akanawa uso. Akajitazama kwenye kioo, akajiambia: siku mbili.

Aliporudi kwenye korido alisikia kicheko, na harufu ya tangawizi ikamfikia kabla hajafika mlangoni.

"...amefariki akiwa na uzito wa asilimia ishirini na mbili, akiwa bado kijana," Chedi alikuwa anasoma, kinasa sauti mbele yake. "Ameacha mashine moja na wapenzi wengi. Tumezika."

"Tumezika," wakaitikia wale wengine.

Sikudhani alisimama mlangoni. Chedi akamwona, akamjia na kikombe mkononi, uso umejaa huruma ya kweli kabisa. Desturi ilisema mwenye ufunguo ndiye anayesoma wasifu. Kumsomea mwenzio ni kumsaidia kubeba.

"Nimekusomea, dada Siku," akasema taratibu. "Nilijua ungelia katikati. Mzee wako si ndiye anayewataja kwenye swala?"

Sikudhani hakukipokea kikombe. Alikuwa anautazama ubao ukutani. Mstari wa Ngelegele, uliokuwa na ishirini na mbili, ulikuwa umeandikwa sifuri.

Saa mbili na robo mashine ya Ngelegele ilizima. Saa mbili na dakika ishirini ilijigeuza. Taarifa ilikuja kwa maandishi, mstari mmoja: Mtambo nambari 6 umeachiliwa, unasubiri mzigo.

"Mkuu, ifungue," akasema Sikudhani. Alikuwa amemfuata Bwana Sapali mpaka ofisini.

"Ningeifungua, Siku. Haina pa kufungulia. Arobaini ni arobaini."

"Tumwite fundi."

"Fundi amekufa. Wa pili tuliomba apatikane mwaka juzi, lakini kutafuta fundi hakukupata uzito." Alisema hivyo bila kucheka. Huyu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wajukuu, alikuwa anawapigia simu mchana kuwauliza wamekula nini.

"Basi tuipe jina jingine. Ajali ya mgodi. Ndugu waliofukiwa. Chochote."

"Mizani haiziki jina, inazika jambo. Mgodi, shimo, wachimbaji, mashine, yote yamo." Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Ilionekana anatafuta kitu cha kumpa ili asiondoke mikono mitupu. "Labda baadaye kidogo. Wajane. Wajane wa wachimbaji ni mada nyingine kabisa, itapita bila shida. Nitakuunga mkono mimi mwenyewe."

Sikudhani akamtazama.

"Ila itabidi tuwapate kwanza," akasema Bwana Sapali.

4

Maji ya Bondeni yalishika kama moto kwenye makuti. Ijumaa yalikuwa na asilimia ishirini na nne. Jiji zima lilikuwa linabishana. Wengine walisema watu wa Bondeni wanapenda kulalamika tangu enzi za babu zao. Wengine walisema sumu ipo lakini mbona wao wenyewe hawakusema mapema. Vijana wa mjini walibuni salamu mpya ya kupeana mikono iliyolegea kama samaki aliyekufa, na ilipendwa sana. Kila aliyecheka alihesabiwa sawasawa na aliyesikitika. Mizani haina ubaguzi.

Na mtambo ukaja. Saa tisa alasiri uliteremka Bondeni wenyewe, mkubwa kama nyumba ya ghorofa iliyolewa, ukasimama karibu na bomba la zamani, ukashusha chuma chake na kuanza kuchimba kisima. Akina mama walipiga vigelegele. Mzee Shomvi aliletewa kiti.

Sikudhani alikuwa anatazama magurudumu. Udongo wa Bondeni ni mweusi. Uliokuwa umeganda kwenye magurudumu ulikuwa mwekundu.

Mtambo ulikuwa na mlinzi wake, msichana mmoja mwembamba mwenye buti za mpira aliyeitwa Nyamizi. Kazi yake ilikuwa kuupaka grisi na kuufuata popote unapojipeleka. Alikuwa amekaa peke yake upande wa kivuli, hali chakula alichopewa.

"Mmetoka Ngelegele?" Sikudhani akamuuliza.

"Ndiyo."

"Mlifika mita ngapi?"

"Ilibaki nne na nusu." Nyamizi akaitikisa sahani, wali ukasogea upande mmoja. "Walikuwa wanagonga. Mashine ikiwaka huwezi kusikia, lakini ilipozima tukasikia. Mara tatu, kisha wanasubiri. Mara tatu, kisha wanasubiri. Wao walidhani tumezima ili tuwasikilize."

Sikudhani akakaa chini.

"Niliipiga mateke," akaendelea Nyamizi. "Nikalala mbele yake. Ina macho, dada, haiui mtu. Ilinizunguka taratibu kama mtu mwenye adabu."

"Na sasa?"

"Wenyeji wanachimba kwa sururu. Ni jiwe lile. Mpaka wafike..." Akakwangua udongo mwekundu kwenye buti. "Walipogonga, sisi tulijibu. Tulijibu mara tatu. Hilo ndilo linaloniumiza. Tuliwajibu."

Ubavuni mwa mtambo kulikuwa na kioo kinachoonyesha namba mbili: kina kilichofikiwa na uzito uliobaki. Neno lililosemwa mbele ya mtambo lilihesabiwa mara elfu. Kina kilikuwa mita thelathini na moja. Maji masafi, Nyamizi alisema, yapo kwenye arobaini na tano, kazi ya saa mbili. Uzito ulikuwa kumi na nne. Muda si mrefu ukawa kumi na tatu. Harusi ya Nuru Kisonge ilikuwa kesho yake, na huko mjini watu walikuwa wameshaanza kuuliza gauni litakuwa la rangi gani.

"Hii si ndiyo ile ya Ngelegele?" Sauti ya Mzee Shomvi ikasikika. Alikuwa amesogeza kiti, anautazama udongo mwekundu, na uso wake ulikuwa unafunguka. "Ndiyo yenyewe, nambari sita. Basi walitoka. Kama mashine imekuja huku, maana yake walitoka."

"Walitoka Jumatano," akasema Bi Kilua. "Si ndiyo siku waliyoacha kusemwa? Kama wangekuwa bado humo tungesikia."

"Walipewa soda," akasema Mbwiga.

"Wote?"

"Wote. Na yule Maduhu amekuta mke ameshajifungua. Mapacha."

Hakuna aliyekuwa anadanganya. Kila mmoja alikuwa anaongeza kile ambacho lazima kilitokea. Nyamizi alikuwa amesimama. Sahani ilikuwa imeanguka, na mdomo wake ulikuwa umefunguka.

Sikudhani alimshika mkono. Kwenye kioo uzito ulikuwa kumi na mbili. Watu themanini wa Bondeni walikuwa wamesimama pale wanazungumza kwa sauti ya juu juu ya Ngelegele, na hakuna hata neno moja lililokuwa linahesabiwa. Nyamizi akisema ukweli watalia, watasimulia, watakwenda nyumba kwa nyumba, na yote yatakuwa pumzi tu. Uzito wa maji ukifika tisa, mtambo utang'oa chuma chake na kuondoka, kwa adabu, ukimzunguka yeyote atakayelala mbele yake.

"Saa mbili," Sikudhani akamnong'oneza. "Nipe saa mbili tu. Watazame vidole vyao."

Nyamizi aliutazama mkono uliomshika. "Wale nao walikuwa wanataka siku mbili."

"Najua."

"Umejuaje?"

Nyamizi, ambaye hakuwa mjinga, alianza kumwangalia vizuri: nguo za ofisini, kidani cha kazi chenye pete ya fedha. Mkono wake ukalegea ndani ya mkono wa Sikudhani, ukawa mzito.

"Wewe Siku," Mzee Shomvi akaita. "Wewe uko hukohuko kwenye habari. Hebu tuambie. Walitoka wote?"

Watu wakageuka. Mzee alikuwa ameinua uso, mikono mapajani, vidole sita vimefungwa vitambaa. Alikuwa anasubiri jibu kama mtu anayesubiri matokeo ya mwanawe.

"Wote, baba," akasema Sikudhani.

Mzee Shomvi akafunika uso kwa viganja. Mabega yakamtikisika. "Hata Kulwa," akasema ndani ya viganja. "Alhamdulillahi. Hata Kulwa."

Uzito ukawa kumi na moja.

"Mimi nasema kisima hiki hakina maana," akasema Sikudhani kwa sauti kubwa. "Maji ya bomba yana ubaya gani? Mmeyanywa miaka yote."

Mzee akatoa viganja usoni. "Umesemaje?"

"Nasema maji ya bomba ni mazuri tu. Mmezoea kudeka."

"Kudeka," akasema Bi Kilua, na bakuli likawekwa chini. "Huyu mtoto amelogwa huko mjini. Mimi nimevunja vikombe saba, halafu nadeka?"

"Si ulisema vinateleza?"

"Nilisema hivyo kabla sijajua ni maji. Mbwiga, mwambie huyu. Si wewe uliyeungua mguu kwa moto bila habari?"

"Mimi sikuungua kwa sababu ya maji, niliungua kwa sababu nilikuwa nimelewa," akasema Mbwiga. "Lakini maji nayo ni mabaya. Yananuka funguo."

"Sarafu."

"Funguo, Bi Kilua. Sarafu nazijua harufu yake, sina nyingi ila nazijua."

Vidani vikawaka, kimoja, vitatu, baraza zima. Sikudhani alichokoza, akatukanwa, akachokoza tena. Alimwambia baba yake mbele za watu kwamba kanzu zake zilikuwa mbovu tangu zamani na asisingizie maji, na mzee akainuka kwenye kiti kwa hasira, akaeleza mshono wa kanzu ulivyo na maji yalivyomnyang'anya, jambo ambalo hakuwahi kulieleza kwa ukamilifu kwa mtu yeyote. Watu walisogea. Waliongeza ya kwao. Uzito ukasimama kwenye kumi na moja, ukatetemeka, haukushuka. Mita thelathini na nane.

Nyamizi alikuwa amesimama palepale, mgongo umeegemea chuma kinachotikisika.

"Na wewe binti wa mashine," Bi Kilua akamgeukia, jasho linamtiririka. "Unatutazama tu kama tumekuja kukuchekesha. Hebu sema. Maji ya kwenu yakoje?"

Nyamizi alimtazama Sikudhani. Kisha akatazama chini, pale chuma kilipokuwa kinaingia ardhini.

"Yana chumvi," akasema.

"Chumvi kiasi gani?"

"Kiasi tu. Kwenye mboga hatutii nyingine." Kisha akaanza kuwasimulia kisima cha kwao, kina chake, kamba yake, foleni yake asubuhi, nani hugombana na nani, kwa sauti kavu isiyopanda wala kushuka, na watu wakamsikiliza na kumbishia, na namba kwenye kioo ikapanda, kumi na mbili, kumi na tatu.